Mwanajeshi Mstaafu Akiugua, Aende Kutibiwa Wapi?

Katika vijiji vyetu vya Jozani, Pete, Kitogani na Unguja Ukuu wamo wazee waliowahi kuvaa magwanda. Wengine walikuwa askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Wengine walikuwa KMKM, au JKU, au Kikosi cha Valantia. Leo wanalima mihogo na migomba, wanavua, wanakaa barazani na kucheza bao. Unaweza kukaa na mtu baraza moja miaka kumi, usijue kwamba mzee huyo alifika Kampala kwa miguu.

Lakini alifika. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwezi wa Oktoba 1978. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Tufanye hesabu ndogo. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1979, leo ameshapita miaka 65. Na huo ndio umri wa presha, sukari, macho kuingia ukungu na kwenda haja ndogo mara tano usiku. Basi kila mwezi wazee hawa wanajiuliza: niende spitali ya jeshi? Niende spitali ya serikali iliyo karibu? Au nitoe fedha zangu nimwone daktari wa binafsi mjini?

Si swali dogo. Ukichagua vibaya unapoteza fedha, na pengine unapoteza maisha.

Kwanza, wewe ni mstaafu wa wapi?

Watu husema "mzee yule ni mwanajeshi" na wakaishia hapo. Lakini mlango wa spitali unauliza zaidi ya hapo. Jeshi la Wananchi wa Tanzania, tunaloliita JWTZ, liliundwa Septemba 1964. Hilo ni jeshi la Muungano. Lina spitali zake. Hapa Unguja ipo spitali ya jeshi Bububu. Dar es Salaam ipo Lugalo, ambayo ndiyo kubwa. Askari walio kazini hutibiwa humo, na wastaafu wa JWTZ wanapokelewa humo pia. Raia nao hutibiwa, ila wao hulipa.

KMKM, JKU, Valantia, Zimamoto na Chuo cha Mafunzo ni vikosi vya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mzee aliyestaafu KMKM si mstaafu wa JWTZ, hata kama alibeba bunduki na kulala baharini miaka thelathini. KMKM wana spitali yao Kibweni. Malipo yao ya uzeeni nayo hayatoki mahali pamoja na yale ya JWTZ. Kwa hiyo mstaafu wa kikosi akienda Bububu na kusema "mimi ni mwanajeshi", asishangae akiambiwa akae foleni ya raia. Hajadharauliwa. Ni kwamba amegonga mlango wa jirani.

Tena uko mfuko mpya. Sheria ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar ilipitishwa mwaka 2023, na mwaka huohuo mfuko ukaanza na watumishi wa umma. Ikiwa mwanao ni mwalimu wa skuli au ni askari wa kikosi, muulize leo hii: "Katika kadi yako umewaandika nani?" Watu wengi wanakatwa mshahara na hawajui nani anahudumiwa kwa fedha hizo.

Habari ya njia

Sasa tutazame mzee wa Jozani anayetaka kwenda Bububu. Kutoka Jozani hadi mjini ni kama kilomita 35. Bububu iko upande wa kaskazini wa mji, kama kilomita 10 nyingine. Mzee apande gari ya Makunduchi au ya Jambiani hadi mjini, ateremke, kisha atafute gari ya Bububu. Akitoka alfajiri atafika asubuhi. Akimaliza kupimwa saa nane mchana, jioni ndiyo anarudi. Na mzee wa miaka 70 hasafiri peke yake. Anasindikizwa na mkewe au mjukuu. Nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, gari mbili kila upande: hizo ni nauli nane. Ongeza chai na mkate. Matibabu ni bure, lakini safari si bure.

Wenzetu wa Marekani waliliona jambo hili. Serikali yao ina spitali nyingi za wanajeshi wastaafu tu, nchi nzima. Lakini nchi ni kubwa, na wazee wengi walikuwa wakikaa mbali au wakingoja miezi. Mwaka 2018 walipitisha sheria, ikaanza kufanya kazi Juni 2019. Sheria hiyo inakwenda kwa saa na kalenda. Ikiwa mstaafu anahitaji kuendesha gari zaidi ya dakika 30 kumfikia daktari wa kawaida, au zaidi ya dakika 60 kumfikia daktari bingwa, anaruhusiwa kwenda kwa daktari wa nje. Vilevile ikiwa ataambiwa angoje zaidi ya siku 20 kwa daktari wa kawaida, au siku 28 kwa bingwa. Na serikali ndiyo inayomlipa huyo daktari wa nje.

Hapo ndipo tunapoachana nao. Kwetu, mstaafu akienda kwa daktari wa binafsi, analipa yeye. Lakini ile njia yao ya kupima tunaweza kuiazima bila kulipa ada. Jiulize: nitasafiri muda gani? Nitangoja siku ngapi? Na ugonjwa wangu unaweza kungoja hivyo?

Maana yako magonjwa yasiyongoja kabisa. Mzee mdomo umekwenda upande. Mkono mmoja umelegea. Maneno hayatoki sawasawa. Hicho ni kiharusi. Hapo usizungumze habari ya Bububu, wala ya daktari fulani hodari wa mjini. Mpeleke spitali iliyo karibu, sasa hivi. Kwa watu wa Jozani na Pete, spitali ya wilaya iko hapo Kitogani. Hali ni hiyohiyo kwa maumivu makali ya kifua, na kwa mtu aliyeziba mkojo tangu jana. Atulizwe kwanza hapo karibu. Kama anahitaji kupelekwa mbele, Mnazi Mmoja au kwengineko, madaktari wataandika rufaa.

Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu baadhi ya wastaafu wana fahari, na fahari yao ni ya haki, lakini inawachelewesha. Mtu anasema, "Mimi natibiwa jeshini tu." Wakati anasubiri gari, upande mmoja wa mwili unakufa.

Spitali ya jeshi inafaa zaidi kwa nini?

Inafaa kwa jeraha la kazi. Mzee ana kipande cha chuma cha bomu ndani ya paja tangu 1979. Masikio yamekufa kwa kishindo cha mizinga. Mgongo uliumia kwa kubeba. Mambo haya yana historia yake, na historia hiyo iko katika kumbukumbu za jeshi. Daktari wa jeshi ameshaona wengi wa aina hiyo. Na kama kuna madai yoyote ya ulemavu uliotokana na kazi, maandishi ya daktari wa jeshi ndiyo yenye uzito. Askari wetu wamekwenda pia kulinda amani Lebanoni, Darfur na Kongo. Aliyeumia huko chini ya Umoja wa Mataifa ana haki zake huko, nazo hudaiwa kwa karatasi. Hazidaiwi kwa masimulizi.

Hicho kipande cha chuma tukiseme kidogo zaidi. Siku hizi ziko mashine kubwa za kupiga picha za mwili zinazotumia sumaku yenye nguvu sana. Chuma kilichomo mwilini kinaweza kuvutwa na sumaku hiyo na kukata nyama au mshipa. Daktari wa binafsi hakujui. Anaona mzee mwenye maumivu ya mgongo, anamwandikia picha. Basi kabla ya picha yoyote, sema: "Nina chuma mwilini, niliumia vitani." Usingoje kuulizwa. Na ukishindwa kwenda, mwanao aseme kwa niaba yako.

Yako pia majeraha yasiyo na kovu. Mzee hasinzii usiku. Mlango ukibamizwa anaruka. Usiku wa sherehe za Mapinduzi, fataki zikipigwa, anajifungia chumbani. Mkewe anasema ana shetani, wanatafuta mganga. Sisemi kitu juu ya dua, kila mtu na imani yake. Lakini huu ni ugonjwa unaojulikana kwa madaktari duniani kote. Unawapata watu walioona vita, na una matibabu yake. Bububu mweleze daktari. Kama hukuweza, ipo spitali ya Kidongo Chekundu mjini, inayotibu maradhi ya akili. Kwenda Kidongo Chekundu si aibu. Aliyepigana vita akabaki na vita kichwani hakutenda kosa.

Na daktari wa binafsi?

Wazee wanakumbuka wakati ambapo daktari wa binafsi hakupatikana. Serikali ya Mapinduzi ilitangaza matibabu ya bure mwezi wa Machi 1965. Kule Bara, sheria ya mwaka 1977 ilizuia kabisa mtu kufungua spitali kwa ajili ya faida, mpaka mwaka 1991 ilipobadilishwa. Leo kila mtaa wa mjini una kibao cha kliniki. Wengine ni madaktari wazuri sana. Wengine ni madaktari walewale wa serikali, asubuhi wako spitali, jioni wako kliniki. Wengine, lo, ni koti jeupe tu.

Faida yake inajulikana. Unaingia, unakaa, unaonekana. Vipimo unapata leo leo. Daktari anakusikiliza hadi mwisho. Kwa jambo linalokwisha kwa safari moja au mbili, kama kipimo ambacho spitali ya karibu hawana au jicho linalotaka kutazamwa na bingwa, kulipa si upumbavu ikiwa fedha ipo.

Tatizo ni ugonjwa usiokwisha. Presha haiponi. Sukari haiponi. Hutulizwa kila siku mpaka mwisho wa maisha. Tuchukue mfano tu. Tuseme kumwona daktari wa binafsi ni shilingi 20,000, na dawa za mwezi ni shilingi 30,000. Jumla ni 50,000 kwa mwezi, yaani 600,000 kwa mwaka. Sasa kumbuka kuwa Zanzibar ina pensheni jamii kwa kila mzee aliyefikia miaka 70. Ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa 50,000. Katika mfano wetu, pensheni jamii yote imekwenda kwa daktari. Na unga je?

Kinachotokea ni hiki: miezi mitatu mzee analipa. Mwezi wa nne fedha haikutosha, anasema "mbona sijisikii vibaya", anaacha dawa. Presha haipigi hodi. Inapanda kimya kimya. Ndiyo maana maoni yangu ni wazi: ugonjwa wa kudumu upeleke mahali ambapo utaweza kwenda kila mwezi kwa miaka kumi, hata kama foleni ni ndefu na benchi ni gumu. Kwa mkaazi wa Jozani, mara nyingi hapo ni kituo cha afya au spitali ya wilaya, siyo Bububu wala mjini. Bububu aende mara chache, kwa mambo ya jeshi na kwa uchunguzi mkubwa. Najua wako watakaobisha, hasa wenye watoto wanaotuma fedha kutoka Maskati au Dubai. Kama fedha inakuja kila mwezi bila kukatika, haya. Lakini ulizeni inakuja kila mwezi kweli?

Madaktari wawili, dawa mbili

Hatari kubwa kuliko zote haiko Bububu wala kwa daktari wa binafsi. Iko katikati yao.

Mzee anatibiwa presha spitali ya jeshi. Amepewa vidonge vya amlodipini. Halafu anakwenda mjini harusini, kichwa kinamuuma, mwanawe anampeleka kliniki. Daktari anampima, anakuta presha 170 kwa 100. Ni kubwa. Kwa kawaida presha ikifika 140 kwa 90 na kubaki hapo, daktari huanza kushughulika nayo. Anamwandikia dawa. Duka la dawa linampa boksi la rangi nyengine, jina jengine. Mzee anarudi Jozani na maboksi mawili, anameza yote mawili, maana yote ni ya presha. Kumbe ni dawa ileile, kampuni mbili! Miguu inavimba. Asubuhi akiamka anaona giza, anaanguka kisimani.

Hapa ndipo kisomo chako kinapofanya kazi. Mara nyingi boksi la dawa lina majina mawili. Moja ni kubwa, la rangi, hilo ni jina la biashara. Jengine ni dogo, chini yake, hilo ni jina la dawa yenyewe. Soma lile dogo. Usijali kuwa si Kiswahili. Tazama herufi tu, moja moja. Norvasc ni jina la biashara, lakini chini yake utaona neno linaloanza na AMLO. Boksi jengine lolote lenye AMLO ni dawa hiyohiyo. Ukikuta maboksi mawili yana herufi sawa katika jina dogo, usimeze yote mawili. Yapeleke kwa daktari au kwa muuguzi.

Na jengine. Wanajeshi wa zamani wengi wanaumwa magoti na mgongo. Wanapenda dawa za maumivu, wananunua dukani kama wanavyonunua biskuti. Voltaren ni mojawapo. Jina lake dogo huanza na DICLO. Dawa za namna hii, na nyengine ambayo jina lake dogo huanza na IBU, hupandisha presha na huumiza figo zikitumiwa siku nyingi. Mzee wa presha anayemeza DICLO kila siku anavuta kamba pande mbili. Daktari anamwongezea dawa ya presha, yeye anaongeza ya goti. Mwambie daktari kila unachomeza, pamoja na mizizi na majani uliyopewa na jirani. Hatakucheka. Na akikucheka, vumilia, lakini mwambie.

Kwa hiyo mtu anaweza kwenda kwa madaktari wawili, lakini awe na daftari moja. Daftari la skuli la kurasa arubaini linatosha. Andika tarehe, mahali ulipotibiwa, presha uliyopimwa, jina dogo la dawa, na unameza mara ngapi. Ukienda Bububu, toa daftari. Ukienda kliniki, toa daftari. Kama mwandiko wako bado haujanyooka, si kitu. Ya daktari hainyooki pia.

Ukiamua kwenda kwa wa binafsi

Tazama ukutani. Kliniki halali ina leseni, na leseni ina mwaka. Soma mwaka. Duka la dawa nalo linapaswa kuwa na kibali cha Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Uliza bei kabla ya kupimwa, si baada ya kupimwa. Sema hivi: "Dakitari, kumuona ni ngapi, na vipimo hivi ni ngapi, na ni kipi kati yao cha lazima leo?" Daktari mwema atakueleza. Daktari akikasirika kwa swali la bei, nyanyuka taratibu uende zako. Ukimaliza, dai karatasi ya majibu. Umeilipia, ni yako.

Karatasi za mstaafu

Mambo yote ya spitali ya jeshi yanasimama juu ya karatasi: barua ya kustaafu, kitambulisho cha mstaafu, namba ya jeshi. Mara nyingi majina hayalingani. Jeshini kijana aliandikwa majina mawili, kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi kina matatu, na cheti cha ndoa kina la utani. Siku ya ugonjwa si siku ya kusawazisha majina. Nenda mapema kwa sheha, kisha kwenye ofisi zinazohusika, ukiwa bado na nguvu za kusimama foleni. Muungano wa wanajeshi wastaafu, MUWAWATA, nao ni mahali pa kuuliza kwa walio JWTZ, maana wenzako wengine wameshapita njia hiyo.

Ukifika Bububu, uliza na upate majibu ya wazi juu ya mkeo. Je, naye anatibiwa? Aandikishwe vipi? Na akibaki mjane itakuwaje? Uliza mkiwa pamoja, ili ayasikie yeye mwenyewe. Wajane wengi wanajua mume alikuwa jeshini, lakini hawajui namba yake wala karatasi zilipo. Zitie ndani ya mfuko wa nailoni, mbali na mvua na mchwa. Toa kivuli cha kila moja, umwachie mtoto anayekaa mjini. Halafu muoneshe mkeo mfuko uko wapi, na amsomee mjukuu ile namba kwa sauti mpaka wote wawili waijue.